Gramu 52, 38 na 17: ni mnyama mmoja au watatu?

*"Naomba msaada. Tunaishi pembezoni mwa Brisbane, Australia, karibu na msitu. Mwezi wa saba mume wangu alimkamata mnyama mdogo kwenye gereji, mwenye pua ndefu iliyochongoka. Tukampima kwenye mzani wa jikoni: gramu 52. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tukamkuta mwingine barazani mchana kweupe, amenyonyoka manyoya kiunoni, anayumbayumba. Huyo alikuwa gramu 38 na kesho yake akafa. Mwezi huu wa kwanza nimemkamata wa tatu, gramu 17 tu. Jirani yetu, Mtanzania mwenzetu, anasema ni kirukanjia. Mwenzangu kazini anasema ni mnyama mwenye mfuko kama kangaruu, ila mimi sijaona mfuko, na nilisoma kwamba mdogo wa aina hiyo ana gramu 4. Ukubwa wake halisi ni upi? Na yule wa pili alikula sumu? Nina watoto wawili wadogo na paka."*

Dada, umenirahisishia kazi kwa jambo moja: kila uzito umeuandikia mwezi wake. Bila miezi hiyo, gramu zako zisingeniambia mengi. Kwa mnyama huyu mzani hutoa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ni jinsia yake na tarehe uliyompima.

Naona maswali yako ni mawili yaliyofungwa pamoja. Unataka kujua ni mnyama gani anayeweza kuwa na gramu 52, kisha 38, kisha 17. Na chini ya hilo kuna hofu kwamba nyumbani kwako kuna sumu au ugonjwa unaoweza kuwafikia watoto na paka. Nitaanza na utambuzi, kwa sababu jibu la hofu yako linatoka humo humo.

Jirani yako nampa haki ya kukosea. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa akiona mnyama mdogo wa kijivu, pua imechongoka, anakimbia kwa kushtukashtuka pembeni mwa ukuta, atasema kirukanjia bila kufikiri mara mbili. Lakini Australia bara haina kirukanjia wa asili hata mmoja. Uliyempata, kwa maelezo yako na kwa mahali unapoishi, ni antekinasi, mnyama mdogo wa kundi la mamalia wenye mfuko, na karibu na nyumba za Brisbane anayeonekana zaidi ni antekinasi miguu-njano. Kichwa chake ni cha kijivu, lakini ukishuka kuelekea ubavuni, kiunoni na miguuni rangi inageuka kuwa ya hudhurungi yenye uchungwa. Macho yamezungukwa na duara jepesi la rangi hafifu, na ncha ya mkia ni nyeusi. Ukikutana naye tena, tazama macho na masikio. Kirukanjia ana vijicho vidogo mno na masikio yaliyolala karibu na manyoya. Antekinasi ana macho makubwa meusi yaliyotokeza, na masikio mapana, membamba, yenye mikunjo.

Kufanana kwao kunatokana na kazi: wote wawili huwinda wadudu kwenye majani makavu na nyufa, na kazi hiyo inataka pua ndefu na meno mengi madogo makali. Kinasaba, kirukanjia yuko karibu zaidi na popo, ng'ombe na wewe mwenyewe kuliko alivyo karibu na antekinasi, kwani njia za mamalia wenye mfuko na mamalia wengine ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Huyu wako ni wa familia moja na shetani wa Tasmania, yule mla nyama mweusi wa kusini. Kangaruu ni ndugu wa mbali sana.

Mfuko nao umekuchanganya, na si wewe peke yako. Dume hana kabisa, na yule wa pili naamini alikuwa dume. Jike naye hana mfuko wa kutumbukiza mkono kama wa kangaruu. Msimu wa kuzaa ukikaribia, ngozi ya tumbo hujikunja pembeni na kuzunguka chuchu, basi. Watoto huzaliwa baada ya mimba ya takriban mwezi mmoja, wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, hawana manyoya wala macho. Kila mmoja hujivuta mpaka kwenye chuchu na kuing'ang'ania kwa wiki tano hivi, mama akitembea nao wakining'inia chini ya tumbo. Atakayechelewa chuchu zikaisha, hufa. Nje ya msimu huo tumbo la jike ni laini tu, na hata mtaalamu atalazimika kupuliza manyoya ili aone chuchu.

Gramu 4 ulizosoma ni za kweli, ila ni za mnyama mwingine. Ni planigali mkia-mrefu, wa familia hiyo hiyo, anayeishi kwenye tambarare za udongo mweusi wa mfinyanzi kaskazini mwa Australia. Udongo ule ukikauka hupasuka, na yeye huishi ndani ya nyufa. Kichwa chake ni bapa kiasi kwamba kutoka utosini hadi kidevuni ni milimita chache tu. Ndiye anayetajwa kuwa mdogo kuliko mamalia wote wenye mfuko, na kiwiliwili chake, ukiacha mkia, ni kama sentimita 6. Mwaka 2023 wanasayansi walieleza aina mbili mpya za planigali kutoka eneo la Pilbara, Australia Magharibi, na moja kati yake ina wastani wa gramu 4 vilevile. Kwa hiyo kwa mamalia wenye mfuko kikomo cha chini kiko hapo. Kirukanjia wa Etruria, wa kusini mwa Ulaya, hushuka zaidi, hadi karibu gramu 2.

Tofauti hiyo ina sababu. Mwili ukiwa mdogo, ngozi inakuwa nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo ndani, na joto linapotea haraka. Kirukanjia hulipia hasara hiyo kwa kula karibu bila kupumzika, na wengine wakikosa chakula saa chache tu wanakufa. Mamalia wenye mfuko wameshika njia nyingine. Wakiwa wametulia, miili yao hutumia nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko mamalia wengine wa uzito ule ule, na chakula kikiadimika hupoza mwili na kuzama katika usingizi mzito wa saa kadhaa. Nakuomba ulikumbuke hili asubuhi ya baridi. Ukimkuta antekinasi amejikunja, baridi, hatikisiki, usimtupe ukidhani amekufa. Muweke kwenye kisanduku chenye kitambaa, mahali pa kivuli na utulivu, umsubiri.

Turudi kwenye mzani wako. Antekinasi miguu-njano aliyekomaa ana kiwiliwili cha kati ya sentimita 9 na 16 hivi, na mkia mfupi kidogo kuliko kiwiliwili. Majike huanzia gramu 20 na kitu hadi kama 50. Madume hufika 70 na zaidi. Kitabu kikikuandikia "gramu 20 hadi 79" unaweza kudhani mwandishi hana uhakika, lakini masafa hayo ni ya kweli, na yanatokana na mambo mawili. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Tena wote huzaliwa wakati mmoja, hukua kwa pamoja, kwa hiyo uzito wa kundi zima hupanda mwezi baada ya mwezi kama darasa moja la watoto, na kwa madume kilele huja katikati ya baridi, Juni na Julai.

Hapo ndipo gramu 52 za Julai zinapokaa. Jike mzito sana angeweza kufika huko, lakini kwa mwezi ule nadhani huyo ni dume aliyenona, wiki chache kabla ya msimu wa kupandana.

Na yule wa Septemba? Hii ndiyo sehemu inayowashtua watu, kwa hiyo nitaieleza polepole. Madume wa antekinasi hupandana msimu mmoja tu, kisha wote hufa. Namaanisha wote, si wazee wala wagonjwa peke yao. Katika wiki mbili tatu za mwisho wa baridi au mwanzo wa masika ya huko, kila dume wa msitu ule huisha, akiwa na umri usiofika mwaka mmoja. Patricia Woolley aliliandika jambo hili kisayansi mwaka 1966, na tangu hapo limethibitishwa katika aina moja baada ya nyingine. Kwa muda fulani baada ya hapo, msituni hakuna dume hata mmoja aliye hai isipokuwa walio tumboni mwa mama zao.

Kinachowaua ni homoni zao wenyewe. Msimu ukikaribia, testosteroni, homoni ya kiume, hupanda sana. Wakati huo huo kotisoli, homoni ya msongo, nayo hupanda. Kwa kawaida damu ina protini inayoishika kotisoli na kuizuia isifanye kazi kupita kiasi, na ubongo ukiona imezidi huamuru tezi zipunguze. Kwa dume huyu testosteroni huishusha ile protini, na breki ya ubongo inaacha kushika. Kotisoli huru inafurika mwilini. Faida yake ya haraka ni kwamba mwili unavunja misuli na kuigeuza sukari, hivyo dume anaweza kukesha akitafuta majike bila kuhangaika na chakula, na tendo moja la kupandana laweza kuendelea hadi saa 14. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe ulionyesha kwamba madume hupunguza usingizi kwa karibu saa 3 kwa siku msimu huu. Mmoja wao alilala karibu nusu tu ya kawaida yake.

Hasara inafuata hapo hapo. Uzito unashuka. Kinga ya mwili inazimika, vimelea vya damu na vya utumbo vinashamiri, vidonda vinatokea tumboni na kuvuja damu. Manyoya yananyonyoka, hasa kiunoni na mgongoni. Mnyama aliyezoea kujificha anatembea mchana akiyumba. Soma tena maelezo yako ya yule wa gramu 38, dada: mwezi, manyoya, mchana kweupe, kuyumba, kifo siku iliyofuata. Umeandika picha kamili ya dume anayemaliza msimu. Madume waliohasiwa kabla ya msimu huepuka kifo hiki, na ndivyo tunavyojua chanzo kiko wapi.

Kuna maelezo ya zamani ambayo bado yanarudiwa, kwamba madume hufa ili wawaachie watoto chakula. Yanapendeza, lakini ushahidi hauyaungi mkono. Diana Fisher wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba ushindani ndio unaoongoza. Majike wote hupevuka kwa siku zile zile chache ili watoto waachishwe kunyonya wakati wa kiangazi wadudu wakiwa wengi, na kila jike hupandana na madume kadhaa, akihifadhi mbegu zao mwilini. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Katika mashindano mafupi namna hiyo, dume anayejitoa mzima mzima huacha watoto wengi kuliko anayejitunza kwa ajili ya mwaka unaofuata, ambao pengine asingeuona.

Sasa sumu. Dalili zako zinaelekea kwenye kifo cha msimu, lakini sitakudanganya kwamba sumu nimeiondoa kabisa. Sumu za panya zinazozuia damu kuganda huleta ulegevu na kuvuja damu kunakofanana sana na hali ya dume wa Septemba, na kwa macho matupu hata mimi naweza kushindwa kutofautisha. Kinachosaidia ni mazingira. Akiwa dume, mwisho wa baridi, manyoya yamenyonyoka, hakuna aliyeweka sumu karibu: ni msimu. Akiwa jike, au ukimkuta hoi mwezi wa tatu au wa tano, au jirani ameweka chambo wiki iliyopita: fikiria sumu au jino la paka. Jinsia ni rahisi kuijua, kwani kwa dume aliyekomaa korodani zinaning'inia wazi. Waulize majirani kuhusu chambo, na kwako usiweke. Sumu kama brodifakamu hukaa muda mrefu kwenye ini la aliyeila, na mende waliokula chambo wanaliwa na antekinasi, antekinasi anaweza kuliwa na paka wako.

Hao wawili wa kwanza, basi, wanaweza kuwa wanyama tofauti au hata dume yule yule aliyepoteza uzito. Gramu 52 kushuka hadi 38 ndani ya wiki hizo ni jambo linalowezekana.

Yule wa mwezi huu siwezi kumtambua kwa gramu 17 peke yake, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani aliyekomaa naye huwa kati ya gramu 10 na 25. Mwezi unaelekeza kwa antekinasi: Desemba na Januari watoto wanaachishwa kunyonya, na vijana wa kiume huondoka kwenye kiota cha mama kutafuta pengine pa kuishi. Ndipo huingia magereji na dari za watu. Lakini hakikisha kwa meno, kama unaweza kumpiga picha mdomo ukiwa wazi. Panya ana jozi moja ya meno makubwa ya kukwangulia mbele juu, na jozi nyingine chini. Antekinasi ana safu ya meno madogo mengi, makali. Tazama pia mguu wa mbele, ambapo antekinasi ana vidole vitano vinavyoonekana vizuri na panya vinne, na kinyesi, ambacho cha antekinasi hunuka sana na kina vipande vinavyometa vya maganda ya wadudu.

Ukitaka kupima tena, achana na kopo la plastiki, ambalo humfanya arukeruke na mzani usitulie. Tumia mfuko mwepesi wa kitambaa. Mwache aingie kutoka kwenye mtego wa sanduku, funga mdomo wa mfuko, upime, kisha baada ya kumwachia upime mfuko ule ule tena na kutoa. Uupime baadaye, si kabla, maana karibu kila mara atakojoa ndani, na kwa mnyama wa gramu 17 mkojo wa gramu moja ni kosa kubwa. Urefu tunaupima kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, mkia peke yake. Kiwiliwili hurefuka ukikinyoosha, kwa hiyo wataalamu huamini zaidi urefu wa wayo wa nyuma, ambao haubadiliki kwa njaa wala shibe. Kwako, picha ya ubavuni yenye rula pembeni inatosha, na wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Queensland hupokea maswali ya utambuzi kutoka kwa wananchi.

Watoto wakiomba kumfuga, jibu ni hapana. Katika Queensland wanyama hawa wanalindwa kwa sheria ya uhifadhi ya mwaka 1992, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Kumwua kwa mtego wa kubana nako si halali. Mwachie jioni, bustanini kwako au ukingoni mwa msitu ulio jirani, asipelekwe mbali na eneo analolijua. Anakula mende, buibui na viwavi, na sioni sababu ya kumwogopa.

Mazingira yanayohitaji mtu wa kukuona ana kwa ana ni haya. Paka akimshika, hata kama huoni jeraha, mpeleke kwa daktari wa wanyama ndani ya saa chache, kwa kuwa bakteria wa mdomoni mwa paka huua wanyama wadogo haraka. Madaktari wengi wa Queensland hawamtozi aliyeleta mnyamapori aliyejeruhiwa. Ukimkuta jike mwenye watoto wakining'inia tumboni, usijaribu kuwabandua hata kama mama amekufa. Mfunike, umpigie mtunzaji wa wanyamapori aliyesajiliwa. Mtoto wako aking'atwa na mnyama huyu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha umwone daktari wa familia, naye aangalie kama chanjo ya pepopunda iko sawa. Na paka wako akianza kulegea au kuvuja damu puani au kwenye ufizi, usisubiri kesho. Mwambie daktari neno "sumu" mara unapoingia mlangoni, kwani dawa yake ipo na inafanya kazi ikiwahi.

Dume wa Septemba hana tiba. Akija mwingine mwaka huu, muweke mahali penye giza na utulivu, paka akiwa ndani. Mzoga uzike ukiwa umevaa glavu.

La mwisho ni matundu. Ukitaka wasiingie gerejini, ziba kila pengo linalopitisha kidole, lakini chagua wakati. Oktoba na Novemba jike anaweza kuwa na kiota darini chenye watoto ambao bado hawajui kutoka, na ukiziba wataoza humo. Fanya kazi hiyo kati ya Februari na Mei, vijana wakishatawanyika.